Lowndes, Alabama: kaunti ambako choo cha maana ni dola 20,000

Muda mrefu nataka kuandika kuhusu Lowndes, kila nikianza hasira inanipanda naacha. Leo naandika hivyo hivyo ilivyo, mtanivumilia kwa urefu, manake hii stori ukiikata kata unaiharibu.

Kwa msionijua, niko Montgomery, makao makuu ya jimbo la Alabama, na kazi yangu ni kuhudumia wazee na wagonjwa majumbani kwao, ile kazi ambayo Wabongo na Wakenya kibao tunaifanya huku Marekani. Baadhi ya wazee wangu wako mjini, wengine wako kaunti ya jirani, ndo hiyo Lowndes. Unashika haiwei namba 80 kuelekea Selma, muda si muda mji umeshapotea, unaona malisho ya ng'ombe, misonobari ya kupandwa imejipanga mistari, kanisa, trela, kanisa, trela. Trela ninayosema ni nyumba nzima, inatengenezwa kiwandani, inaburutwa na lori mpaka kwenye kiwanja chako inakalishwa juu ya matofali, ndo nyumba ya mtu wa kipato cha chini huku kusini. Makao makuu ya kaunti ni Hayneville, kamji kadogo kenye mahakama ya zamani nyeupe ya nguzo ndefu ambayo ukiiona tu unajua hapa palishawahi kuwa na hela. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 10,311 kaunti nzima, karibu robo tatu yao ni weusi.

Nianze na choo, manake kila kitu Lowndes mwisho wa siku kinaishia kwenye choo.

Kuna bibi mmoja namhudumia (nimebadilisha mambo mawili matatu asije akatambulika). Ndani kwake ni pasafi mno, mapazia yamepigwa pasi, picha za wajukuu waliomaliza shule zimepangwa ukutani, ukiingia anakwambia kaa kwanza ule ndo uanze kazi. Sasa zunguka nyuma ya nyumba. Kuna bomba jeupe la plastiki limetokea chini ya sakafu, usawa wa choo, limelala juu ya nyasi hatua chache hivi alafu likaishia kwenye mtaro uliochimbwa kwa jembe. Hakuna tangi, hakuna shimo, hakuna mfuniko. Mtu akivuta maji chooni wewe uliyesimama nje unayasikia yakitoka. Maji ya mtaro ni ya kijani yaliyokolea, karatasi za chooni zimegandia kingoni, mbu wa kumwaga, na juu ya mtaro kuna ubao umelazwa ili watoto wakicheza huko nyuma wavukie hapo. Mwezi wa saba jua la huku likipiga harufu inaingia hadi sebuleni, bibi anafunga madirisha yote na mgeni akija anaanza kuomba radhi kabla hata hajaulizwa. Hiyo ya kuomba radhi ndo inayoniuma kuliko harufu yenyewe. Mwanamke amefanya kazi maisha yake yote, amelea watoto na watoto wa watoto, alafu uzeeni anamwomba radhi mhudumu wake kwa kosa ambalo si lake.

Na usidhani walionunua septiki, lile tangi la majitaka la kufukiwa, wamepona. Jirani yake ana septiki, alijinyima akailipia, na masika yeye ndo anayepata tabu zaidi, manake mvua kubwa ikinyesha ardhi inajaa, tangi linakosa pa kumwagia, maji ya choo yanarudi kwa njia ile ile yaliyoendea na yanatokea bafuni. Unaamka asubuhi unataka kumwogesha mtoto aende shule, bafu limejaa kinyesi. Hata Hayneville kwenyewe, wale wachache waliounganishwa kwenye mfumo wa mji, bwawa la majitaka likielemewa yanawarudia vile vile. Hii ni Marekani, nchi ambayo nyumbani tunaambiana kila mtu huko ana maisha.

Kwanini iwe hivyo? Kwanza udongo. Mimi nimekulia Maswa, nyumbani ni wakulima wa pamba, kwa hiyo udongo wa Lowndes niliutambua kwa viatu tu kabla sijaambiwa na mtu. Ni mbuga. Ule ule mweusi mnaoujua nyie wa Shinyanga na Simiyu, kiangazi unapasuka nyufa mpaka mkono unazama, mvua zikianza unavimba unanata kama ulimbo na gari likinasa humo umelala hapo. Chini yake kuna mwamba laini wa chokaa, wenyewe wanauita chaki ya Selma, na huo nao haupitishi maji. Sasa septiki ya kawaida inategemea ardhi inywe: uchafu unatuama kwenye tangi, maji yanatoka kupitia mabomba yenye matundu yaliyofukiwa, udongo unayanywa taratibu na kuyachuja. Udongo wa mbuga haunywi. Kwahiyo ili mfumo ukubalike kisheria inabidi uwe wa kitaalamu zaidi, na pampu, na mchanga wa kuletwa na malori, na mhandisi wa kuchora, bei inapita dola 20,000 kirahisi sana na wapo walioambiwa karibu 30,000. Kipato cha kaya ya kawaida Lowndes kwa mwaka mzima ni dola 30,000 na kitu. Yaani kaya iache kula, iache kuwasha taa, iache kuweka mafuta kwenye gari mwaka mzima, ndo ipate choo. Makadirio yanayotajwa sana yanasema nyumba zisizo na mfumo unaofaa ni kati ya asilimia 40 na 90, na upana wa hayo makadirio wenyewe unakuonyesha hawa watu wamehesabiwa kwa uzembe kiasi gani.

Mtu wa mjini hapa Montgomery hajawahi kutoa dola 20,000 mfukoni ili avute maji chooni. Bomba lilipita barabarani kwake, serikali ililijenga, hasa baada ya sheria ya maji safi ya mwaka 1972 ambapo serikali kuu ilimwaga mabilioni kujenga mitambo ya majitaka, na hela nyingi zilienda mijini. Wa shamba aliambiwa jitegemee. Hapo ndo ninapokataa mtu akiniambia hawa ni wavivu, sijui hawajui kujipanga. Nani kati yetu alijijengea bomba la majitaka mwenyewe?

Ila udongo huo huo unaokataa choo ndo uliotajirisha watu. Pamba inaupenda. Ardhi yenyewe ilikuwa ya Wacreek, kabila la wenyeji wa asili, walinyang'anywa kwa mkataba baada ya vita mwaka 1814, kaunti ikaundwa 1830, na wenye mashamba wakaja na watumwa kutoka majimbo ya mashariki, maelfu kwa maelfu, mpaka wenye ngozi nyeusi wakawa wengi kuliko wazungu kwa mbali. Utumwa ukafutwa 1865 lakini ardhi ikabaki kwa walewale. Waliokuwa watumwa wakaambiwa limeni tugawane: mwenye shamba anakupa ardhi, nyumba, mbegu, nyumbu, na chakula cha mkopo kwenye duka lake, wewe unalima na kuvuna, mwisho wa msimu yeye ndo anashika daftari na yeye ndo anajua kupiga hesabu, alafu unaambiwa bado unadaiwa, mwakani tena. Nyumbani tumelalamika sana na mizani ya pamba iliyochezewa, na ushuru, na malipo ya kucheleweshwa miezi, sote tunajua uchungu wake. Lakini baba yangu shamba lilikuwa lake. Hawa hata nyumba waliyolala ilikuwa ya mwenye daftari. Mwaka 1935 wavunaji wa pamba Lowndes waligoma wakitaka malipo bora, walipigwa, wengine waliuawa.

Mwaka 1900 Lowndes ilikuwa na watu 35,651. Ndiyo, zaidi ya mara tatu ya sasa. Alafu akaja fukusi wa vitumba miaka ya 1910, akala pamba ya Alabama, watu wakaanza kupanda treni kwenda Detroit, Chicago, Cleveland, na baada ya vita kuu ya pili zikaja mashine za kuvuna, vibarua hawakuhitajika tena. Wenye ardhi wakageuza mashamba kuwa malisho na misitu ya mbao. Ng'ombe na misonobari havihitaji watu.

Sasa nikisoma makala za wachambuzi wanaandika kuhusu kuporomoka kwa uchumi wa vijijini kusini, nakubaliana nao nusu. Kwa mwenye jineri, mwenye duka, mwenye benki ya Hayneville, ndiyo, uchumi uliporomoka. Lakini bibi yangu yule mama yake alikuwa analima kwa kugawana, na bibi yake vile vile, sasa wao waliporomoka kutoka wapi? Kilichopungua ni haja ya wenye mali kwao. Walipohitajika walifungiwa wasiondoke, waliposhindwa kuhitajika wakaachwa hapo hapo kwenye matope na kuulizwa kwanini hamwendelei. Hili ndo jambo langu kubwa kwenye hii posti nzima, mengine yote ni ushahidi tu.

Na siyo kwamba walikaa kimya. Ile barabara namba 80 ndo waliyopita kina Martin Luther King na maelfu ya watu Machi 1965 kutoka Selma kwenda Montgomery kudai kura, sehemu kubwa ya safari iko ndani ya Lowndes. Mwanzo wa mwaka huo weusi walikuwa kama asilimia 80 ya watu wa kaunti na aliyeandikishwa kupiga kura kati yao alikuwa hakuna, sifuri. Familia 86 za wazungu zilikuwa zinamiliki asilimia 90 ya ardhi. Usiku wa kumaliza maandamano, tarehe 25 Machi, Viola Liuzzo, mama wa watoto watano kutoka Detroit aliyekuwa anarudisha waandamanaji kwa gari lake, alipigwa risasi na watu wa Ku Klux Klan, lile kundi la wazungu wabaguzi, kwenye barabara hiyo hiyo, ndani ya Lowndes. Mwezi wa nane mwanafunzi wa uchungaji, Jonathan Daniels, akauawa Hayneville mbele ya duka akimkinga binti mweusi wa miaka 17, na aliyemuua akaachiwa huru na baraza la wazee wa mahakama ambalo wote walikuwa wazungu.

Lakini sehemu ya historia inayonigusa mimi zaidi ni ya mahema. Wale waliothubutu kujiandikisha, wenye mashamba waliwatimua kwenye nyumba, familia nzima na vyombo vyao nje, msimu wa baridi. Wakapiga mahema pembeni ya haiwei 80 na wakaishi humo, wengine zaidi ya miaka miwili, huku usiku watu wakipita na magari wakiwafyatulia risasi. Leo mahali hapo, White Hall, kuna kituo cha makumbusho cha serikali, ukipita simama. Mwaka 1966 wakaunda chama chao cha kaunti, nembo yao ikawa chui mweusi, na ndipo vijana wa Oakland, California, walipoichukua nembo hiyo wakaanzisha chama chao cha Black Panther kilichokuja kujulikana dunia nzima. Watu wengi wanajua wale wa Oakland, hawajui kwamba chui alianzia kwa wakulima wa Lowndes. Mwaka 1970 mmoja wa viongozi wao, John Hulett, alichaguliwa kuwa sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti. Kaunti ambayo miaka mitano nyuma mweusi hakuwa na kura.

Kura wakaipata. Ardhi hawakuipata, na kodi ya ardhi ndo inayoendesha kaunti. Katiba ya Alabama ya mwaka 1901 iliandikwa na watu waliosema wazi wanataka mzungu atawale, na pamoja na kuwanyima weusi kura walihakikisha kodi ya mali inabanwa chini. Mwaka 1978 wakaongeza marekebisho, shamba na msitu vinatozwa kodi kwa matumizi ya sasa siyo kwa bei ya soko, na kuna kikomo. Kwahiyo mtu ana maelfu ya ekari za misonobari Lowndes, anaishi kwingine kabisa, anachotoa ni kidogo mno, na shule ya watoto wa Hayneville inategemea hicho kidogo. Wazungu waliobaki waliwatoa watoto wao shule za serikali mara tu zilipoanza kuchanganywa wakawapeleka za binafsi. Nani basi atapigania kodi ipande? Sherifu mweusi, makamishna weusi, lakini hazina tupu na funguo ziko bungeni Montgomery.

Naomba nikae kidogo kwenye mirathi, manake hapa ndipo tulipo sisi na wao ndugu wa damu kabisa.

Wapo weusi Lowndes waliofanikiwa kununua ardhi yao, ekari chache chache, kwa jasho la ajabu. Wazee hao wengi walifariki bila wosia. Usiwalaumu, mahakama ilikuwa ya nani? Mwanasheria alikuwa nani? Mtu mweusi akienda na hati yake ofisini alikuwa na kila sababu ya kuogopa atatoka bila hiyo hati. Kwa hiyo ardhi ikabaki ya warithi wote kwa pamoja, haikugawanywa, jina kwenye karatasi bado ni la babu aliyekufa zamani. Vizazi vinaongezeka, warithi wanafika thelathini, hamsini, wametapakaa Detroit, Cleveland, Los Angeles, wengine hawajawahi hata kukanyaga Alabama. Mmoja akibanwa na shida akauza fungu lake kwa mtu baki, huyo mtu anaweza kwenda mahakamani kuomba ardhi yote iuzwe, na ekari nyingi sana za weusi kusini zimepotea hivyo (sheria imerekebishwa kiasi hapa Alabama miaka ya karibuni ila uharibifu ulishafanyika). Na hata isipouzwa, benki haikupi mkopo wa kujenga kwenye ardhi ya namna hiyo, na msaada wa serikali wa kukarabati nyumba unataka uonyeshe umiliki. Ndo maana trela. Trela inakopeshwa kama gari, haihitaji hati ya kiwanja, riba yake ni ya juu, na tofauti na nyumba ya matofali kila mwaka inashuka thamani. Unalipa miaka kumi na tano, ishirini, ukimaliza sakafu imeshalainika na ukiiuza hakuna anayeitaka. Hivyo ndivyo mtu anavyofanya kazi maisha yote bila kuweka akiba, siyo kwa sababu alikunywa hela.

Alafu juu ya hayo yote, walikamatwa. Alabama kumwaga majitaka ardhini ni kosa la jinai, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 hadi mwanzoni mwa 2000 watu wa Lowndes walikuwa wanapelekwa mahakamani na wengine kukamatwa kwa sababu ya choo. Siyo kwa kuiba, siyo kwa kupigana. Unashtakiwa kwa kukosa dola 20,000. Mzaliwa wa hapo, Catherine Coleman Flowers, aliporudi nyumbani akakuta hali hiyo ndo akalivalia njuga, akaanzisha kituo cha kutetea watu wa vijijini, akawa analeta wabunge, waandishi, wanasayansi, anawapeleka nyuma ya nyumba wakaone mitaro kwa macho yao. Mwaka 2020 alipata ile tuzo kubwa ya MacArthur. Mimi huyu mama namheshimu sana, kwa sababu alikubali kuongea hadharani kuhusu kinyesi, kitu ambacho watu wake wenyewe walikuwa wanakificha kwa aibu, na bila hivyo mpaka leo kingekuwa siri ya nyuma ya trela.

Mwaka 2017 watafiti wa chuo cha udaktari cha Baylor, Houston, wakishirikiana na kituo cha Flowers, walichapisha matokeo: sampuli 55 za kinyesi kutoka Lowndes, 19 zilikuwa na minyoo ya safura. Safura jamani. Ile tuliyopigiwa kelele tukiwa darasa la tatu, vaa viatu, usitembee peku karibu na choo, ile inayonyonya damu mtoto anakuwa mlegevu darasani na mwalimu anamwita mzito wa kichwa. Marekani waliitangazia vita mwaka 1909 kwa hela za tajiri Rockefeller na ilihesabika kama imeshaisha. Idara ya afya ya jimbo iliyapinga hayo matokeo na njia iliyotumika kupima, mabishano yakawa marefu. Mimi nasema hivi, hata ukiweka minyoo pembeni kabisa, mtaro upo, ubao wa kuvukia upo, watoto wapo. Unahitaji darubini ya nini? Desemba mwaka huo huo mjumbe maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu umaskini uliokithiri, Philip Alston, alikuja Alabama, akaona, akasema hali kama hiyo si ya kawaida kabisa kwenye nchi zilizoendelea.

Hospitali Lowndes hakuna. Ukipata kiharusi unakimbizwa Montgomery au Selma. Alabama ni kati ya majimbo yaliyogoma kupanua bima ya Medicaid kwa watu wazima wa kipato cha chini, kwahiyo mtu anayefanya kazi ya saa chache kwa malipo madogo anakosa huku na anakosa kule. Korona ilipokuja 2020 Lowndes iliongoza jimbo zima kwa maambukizi ukilinganisha na idadi ya watu.

Kazi zipo? Zipo kidogo. Kuna kiwanda kikubwa cha plastiki Burkville, na tangu Hyundai wafungue kiwanda chao cha magari Montgomery mwaka 2005 kuna viwanda vya vipuri vinavyokilisha, vijana wa Lowndes wengi wako huko kwa shifti. Lakini basi hakuna, daladala hakuna, bila gari huna kazi, na gari likifa wiki moja kazi nayo imekufa. Mjukuu wa bibi yangu amesimamishwa hivyo hivyo, gia boksi tu.

Kuna swali naulizwa sana na Wabongo wenzangu: si wahame? Waende wapi na hela gani? Trela hauziki. Kodi ya nyumba Montgomery imepanda hadi sisi wenyewe tunalia. Na hata wangekuwa na hela, pale ndo ardhi ya babu, makaburi yapo pale, kanisa lao ni lile lile walilopangia mikakati ya kura mwaka 1965 huku wamezungukwa na bunduki. Sisi tunaotuma hela kila mwezi ili nyumba ya Maswa isianguke, nyumba ambayo hatulali, tunamshangaaje mtu asiyetaka kuacha ya kwao?

Sasa la karibuni, ndilo lililonifanya hatimaye nikae chini niandike. Novemba 2021 Wizara ya Sheria ya Marekani ilifungua uchunguzi kama jimbo na kaunti wanawabagua weusi wa Lowndes kwenye mambo ya majitaka, ilikuwa mara ya kwanza sheria ya haki za kiraia ya 1964 kutumika kwa namna hiyo kwenye suala la mazingira. Mei 2023 wakafikia makubaliano: jimbo liache kuwashtaki watu wasio na uwezo, lipime hali nyumba kwa nyumba, liandae mpango, lielimishe watu kuhusu afya. Hela za serikali kuu zikaanza kuja, matangi yakaanza kufukiwa, pole pole, nyumba moja moja, lakini yalianza. Aprili 2025 serikali mpya ya Trump ikayafuta makubaliano hayo, ikisema ni mambo ya DEI, hizo sera za usawa wa rangi ambazo rais aliagiza zifutwe. Idara ya afya ya jimbo ikasema kazi itaendelea mpaka hela zilizotengwa ziishe. Zikiisha je?

Nilikuwa kwa bibi habari hiyo ilipotoka kwenye televisheni. Hakushtuka. Aliuliza tu, "Kwani choo changu nacho kina rangi?" alafu akaniambia nimpunguzie sauti.

Jina lake liko kwenye orodha ya kusubiri tangi. Barua aliyotumiwa inataka uthibitisho wa umiliki wa kiwanja, na kiwanja kina jina la babu wa mume wake. Tumekaa tumeandika majina ya warithi wote anaowakumbuka, karatasi imejaa mbele na nyuma, wa Detroit tumewapata, wa Cleveland wanapokea simu wanasema watatuma saini alafu kimya, na kuna tawi zima lilienda California miaka hiyo ya mashine za pamba hakuna mwenye namba zao. Kwahiyo naomba, kama kuna mtu humu anamjua mwanasheria wa mirathi hapa Alabama anayefanya bure au kwa bei ya kuongeleka, awe Montgomery, Birmingham, popote, tafadhali niandikie inbox. Siyo kwa huyu bibi peke yake, ninao wengine barabara hiyo hiyo wenye barua ile ile.